Jogoo wa Kiti cha Bosi

Suruali yangu ya jinzi ilichanika nyuma, pale pa kukalia, nikaapa fundi hataiona. Nitatengeneza kiraka cha kubandika kwa pasi, mwenyewe! Nikakata jogoo mwekundu, kilemba cha njano, mkia umepinda kwa maringo. Kukata nakuweza. Kilichonitoa jasho ni gundi.

Nilianza na ule utando wa gundi unaokuja umeshikana na karatasi. Ukiupapasa, upande wa gundi unakwaruza kidogo, upande wa karatasi ni laini. Hayo nayajua leo. Siku ile niliulaza juu ya jogoo huku gundi ikitazama juu, nikakandamiza pasi. Nilipoiinua, jogoo naye akainuka, ananing'inia kama popo. Nusu saa nzima nasugua pasi kwa kitambaa, nyumba inanuka plastiki, na utando wenyewe ulikuwa ndio huo tu.

Ndipo nikakumbuka vijiti vya gundi ya moto vilivyolala kwenye droo. Vimeandikwa "joto la chini". Moyo ukaniambia: hivi ndivyo, havitaunguza nguo. (Moyo huo siku hizi hatusemezani.) Nikaviyeyusha, nikampaka jogoo mgongoni, nikamfunika karatasi ya kuokea, pasi juu yake. Safari hii nilifuata masharti yote: kukandamiza bila kusuguasugua, sekunde 15, kisha kuacha ipoe kabisa kabla ya kugusa. Jogoo akashika! Nilimvuta kwa kucha, hakutikisika.

Shemeji yangu, ambaye cherehani anaijua, akapita akamchungulia.

"Shemeji, umembandika kwa nini huyu?"

"Gundi ya joto la chini."

"Sasa ukikalia kitu cha moto?"

"Shemeji, mimi nakalia viti, sikalii jiko."

Kesho yake bosi akanipa lifti. Gari lilikuwa limeshinda juani, vioo vimefungwa, viti vya ngozi nyeusi. Kiti cha namna hiyo hupita nyuzi 60 bila shida, na gundi yangu haikuhitaji kubembelezwa zaidi ya hapo ndipo ilainike. Nilipokaa, moto ukapenya. Nikajikaza, mtu haruki kwenye kiti cha bosi. Njia nzima akawa ananiuliza mambo ya kazi, nami namjibu kwa sauti nyembamba ambayo hata mimi sikuijua.

Tulipofika nikashuka, nikashukuru, nikafunga mlango. Upepo ukanipiga mahali ambapo upepo hauna kawaida ya kufika.

Bosi akashusha kioo. Hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Kijana, umesahau kuku wako."

"Ni jogoo, bosi," nikasema, huku nikirudi kinyumenyume hadi mlangoni.