Kabati Lililooga

Fundi alipomaliza kukarabati bafu letu alirudi nyuma, akashika kiuno, akasema, "Bosi, hapa hata hewa haipiti."

Kweli haikupita. Silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, aliipaka kila mahali: kuzunguka koki, kuzunguka kile kikombe cha chuma kinachofunika tundu la bomba la shawa, juu, ubavuni, chini. Nilisogea mlangoni asije akaniziba na mimi.

Bafu likawa zuri, kavu. Kilicholowa ni kabati la chumba cha upande wa pili wa ukuta, alikofikia mama mkwe.

Asubuhi alitoka na gauni lake la harusini likichuruzika maji. Akamtazama mjukuu. Mjukuu akaapa hajakojoa. Akanigeukia mimi, nami nikajikuta naapa.

Mke wangu akashuku paa, na mvua yenyewe haijanyesha wiki nzima. Tukafunga koki zote tukaikodolea macho mita ya maji. Tuli! Mama mkwe akatamka kwamba kabati lina jini, na sikuwa na hoja ya kumjibu. Kumbe lile bomba fupi linaloshika kichwa cha shawa halipati maji mpaka mtu aoge. Ukifunga koki, mita itasoma nini? Na aliyeoga kuliko sote humo ndani, asubuhi na jioni, tena kwa nyimbo, ni mama mkwe mwenyewe.

Fundi akaitwa. Akabandua kikombe huku akitueleza kuwa kosa ni la seremala wa kabati. Maji yaliyotuama nyuma yakamrukia mdomoni. Nyuzi za bomba, ile mikato ya kulikazia ukutani kama skrubu, zilikuwa uchi, hazikuzungushiwa hata kipande cha ule utepe mweupe wa kuzuia kuvuja. Maji yalivujia hapo, yakataka kutokea bafuni kistaarabu, yakakuta silikoni, yakaenda kwa mkwe. Kikombe kile huzibwa juu na ubavuni tu. Chini huachwa upenyo makusudi, ili maji yaliyoingia nyuma ya vigae yapate pa kutokea, nawe uyaone mapema.

Fundi akajifuta uso, akainama, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu. "Sasa bosi, nani alikuzibia na hapa chini?"

"Wewe."

Akaikwangua ile silikoni kwa ukucha. Haikutoka. Akakwangua tena.

"Lakini umeona ilivyoshika?"