All the Young Dudes: wimbo wa Bowie au wa Mott the Hoople?

Machi 1972, baada ya kupiga muziki ndani ya tangi la gesi lililogeuzwa ukumbi huko Uswisi, wanamuziki watano wa Mott the Hoople, bendi ya roki ya Uingereza, waliamua yaishe. Walikuwa na albamu nne chini ya kampuni ya Island na sifa ya kujaza kumbi za Uingereza, lakini madukani rekodi zao zilikaa tu. Mpiga besi wao, Overend Watts, akampigia simu mwanamuziki David Bowie kuulizia kazi. Kazi hakupata. Ila Bowie alikuwa shabiki wao wa siku nyingi, na alishawahi kuwapa wimbo wake Suffragette City wakaukataa. Aliposikia bendi inakufa, akawapa wimbo mwingine. Aliwaimbia mwenyewe kwa gitaa kavu, ameketi sakafuni kwenye ofisi moja ya Regent Street, London. Mwimbaji wao, Ian Hunter, amesimulia mara nyingi kwamba alijua palepale kuwa wimbo huo utapanda chati.

Kibao hicho ndicho All the Young Dudes. Kilirekodiwa Mei katika studio za Olympic, kikatolewa na CBS mwishoni mwa Julai, kikafika nambari 3 Uingereza na 37 Marekani. Hadi leo ukitaja roki ya glam, ile ya wanaume waliojipaka vipodozi na kuvaa viatu vya soli nene na nguo za kumetameta, hautapita muda kabla ya mtu kukitaja. Na hautapita muda kabla ya mwingine kudakia kwamba huo ni wimbo wa Bowie, hao wengine waliuazima tu.

Kwenye karatasi hana kosa. Bowie ndiye aliyetunga maneno na lahani, ndiye aliyesimamia kurekodi, na sauti yake imo kwenye kiitikio. Mrabaha wa utunzi ni wake. Tena tukumbuke hali yake wakati ule: kabla ya mwaka huo alikuwa na kibao kimoja tu kilichovuma, Space Oddity cha 1969. Starman, alichokitoa kwa jina lake Aprili 1972, kiliishia nambari 10. Yaani alichowapa wenzake kilikishinda alichobaki nacho. Ukarimu wa namna hiyo ni adimu katika biashara ya muziki, na wanaomtetea wana hoja ya kweli hapo.

Lakini karatasi haina masikio. Sikiliza rekodi yenyewe. Gitaa la Mick Ralphs linalofungua wimbo, lile linaloteremka kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka, ni ufunguzi ambao ukiusikia sekunde tatu tu umeshautambua. Chini yake kuna ogani ya Verden Allen, nzito, inaufanya wimbo unukie kanisa. Kisha nenda mwishoni, pale kiitikio kinapoanza kujirudia na wimbo ungeweza kuchosha. Hapo Hunter anaacha kuimba na kuanza kusema: anawaita watu waliomo ukumbini, anamchokoza mmoja mwenye miwani, anamtaka asogee mbele. Bowie hakuyaandika maneno hayo. Ni Hunter aliyeona wimbo unalegea akaongeza mdomo wake, na sehemu hiyo ndiyo inayomfanya msikilizaji ajione yumo ndani ya genge.

Ushahidi mwingine ameutoa Bowie mwenyewe. Mwishoni mwa 1972 aliurekodi kwa sauti yake, akauweka kabatini, na rekodi hiyo haikutoka rasmi hadi miaka ya 1990. Ni nzuri, ina saksafoni, imeimbwa kwa ustadi. Imepoa. Hunter ana sauti kavu ya mtu aliyeshindwa mara kadhaa, na wimbo huu unaitaka sauti hiyo. Kuna kejeli hapa ninayoipenda: ubeti wa kwanza una kijana Billy anayesema hataki kubaki hai akifika miaka 25. Bowie alikuwa na miaka 25 alipowakabidhi wimbo. Hunter alikuwa na 33 ulipotoka.

Aprili 1992 Bowie na Hunter wakakutana katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Mott walikuwa na uhusiano wa pekee na marehemu: mwishoni mwa 1973 Queen walikuwa bendi ya kuwafungulia jukwaa, na Mzanzibari huyo, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alijifunza mengi ya jukwaani katika ziara ile. Hata wimbo Now I'm Here wa Queen unalitaja jina la Hoople. Siku hiyo, mbele ya watu elfu sabini hivi, Hunter ndiye aliyeshika maikrofoni ya mbele. Bowie alisimama pembeni na saksafoni, akiitikia. Angeweza kuongoza, nani angemzuia?

Ugomvi wa pili unahusu maana ya wimbo. Umma uliupokea wimbo huu kama wimbo wa taifa la vijana. Bowie, katika mazungumzo yake na mwandishi William Burroughs yaliyochapwa na jarida la Rolling Stone mwaka 1974, alikanusha: alisema si wimbo wa kuwasifu vijana, bali ni kinyume chake, kwamba dunia ina miaka mitano tu na hao vijana ndio wanaobeba habari hiyo mbaya. Wengine, mwanamuziki wa Marekani Lou Reed akiwemo, waliusikia kama mwito kwa mashoga wajitokeze hadharani. Uingereza na Wales zilikuwa zimeondoa jinai kwa wanaume wazima wa aina hiyo mwaka 1967 tu, na ndani ya wimbo yumo Lucy, mwanamume anayevalia kike lakini akikupiga teke utamjua. Hunter na wenzake hawakuwahi kujitambulisha hivyo, ila hawakuukataa umati uliowajia.

Mimi naona Bowie ana haki nusu. Beti zimejaa watu waliovunjika: Billy na kifo chake, mvulana anayejibandua nyota usoni hadi anatoka vidonda, nguo za wizi kutoka Marks & Spencer. (Jina hilo la duka BBC ililikataa kwa kuwa ni tangazo la biashara, ikabidi paimbwe habari ya magari yasiyofungwa. Wizi haukuwasumbua, duka ndilo lililowasumbua.) Lakini mtu akiandika tanzia kisha akaipa kiitikio ambacho watu elfu wanaweza kukiimba wakiwa wameshikana mabega, asishangae wakicheka.

Na je, ulikuwa kitanzi? Wapo wanaosema uliwaua waliouimba, kwa sababu kuanzia hapo magazeti yaliwaita bendi ya Bowie. Kuna ukweli, ila umetiwa chumvi. Allen aliondoka mapema 1973, na Ralphs akamfuata mwaka huohuo kwenda kuanzisha Bad Company. Ralphs alikuwa na nyimbo zake, kama Can't Get Enough, ambazo hazikukaa kwenye koo la Hunter. Hilo lingetokea hata bila Bowie.

Tena nafasi ya kumtegemea waliipata mara ya pili, wakaiacha. Aliwapa Drive-In Saturday, wakaikataa kwa kutaka kusimama kwa miguu yao. Bowie akaiimba mwenyewe na ikafika nambari 3 Uingereza mwaka 1973, palepale walipofika wao na Dudes. Wao wakatoa Honaloochie Boogie ikaishia 12, All the Way from Memphis 10, Roll Away the Stone 8. Kwa hesabu ya chati walijikosesha nafasi tano. Ila hizo tatu sijawahi kusikia mtu akiziita za Bowie.