Kifua kwanza, miguu baadaye

Mwaka wa nane sasa niko Dortmund, Ujerumani, muuguzi wa wodi ya watoto. Kila nikirudi Moshi naulizwa swali lilelile kuhusu mtoto wa dada yangu: "Huko kwenu hakuna dawa ya kumfanya atembee?"

Mtoto ana miaka minne. Anakaa, hajawahi kusimama. Ana SMA, ugonjwa wa kurithi: jeni ya SMN1 ina hitilafu, neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli zinakufa, mwili unalegea. Akili iko timamu kabisa. Mwulize habari za kuku wa bibi yake uone. Kabla jina la ugonjwa halijajulikana, dada alizungushwa mwaka mzima akiambiwa mtoto kachelewa tu, ampe uji wa lishe.

Dawa zipo. Ujerumani, tangu Oktoba 2021, watoto wachanga wanapimwa SMA kwa tone la damu, na anayekutwa nayo anaweza kuanza tiba kabla hajalegea. Ile tiba ya jeni ya kudungwa mara moja ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2019, bei yake ilitajwa kuwa dola milioni 2.1. Ukoo mzima uuze vihamba, haifiki. Linaniuma kila ninapoingia kazini.

Ila watoto hawa wanaangushwa na kifua kuliko miguu, na hilo nyumbani hatulisemi. Misuli ya mbavu ni dhaifu, nguvu ya kukohoa hawana, mafua kidogo tu yanageuka nimonia. Oksijeni peke yake haitoi makohozi. Wodini kwetu kuna mashine inayosukuma hewa ndani kisha kuivuta ghafla, mtoto akakohoa. Pasua, mtaa wa Moshi anakoishi dada, kuna mikono yake tu. Mtaalamu wa viungo alimfundisha: amlaze ubavu, ampigepige mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, na mtoto anapokohoa amsukume tumbo kuelekea juu, palepale kikohozi kinapotoka. Desemba nilimkuta akifanya hivyo saa kumi alfajiri, umeme umekatika, simu yenye tochi kaibana kwa meno. Likatoka kohozi zito la njano. Mtoto akalala.

Chakula nacho. Kule mtoto anayepaliwa tunamkorogea unga maalumu kwenye maji yawe mazito. Bibi anampa mtori uliosagwa, amemkalisha wima, kijiko kidogokidogo. Akiugua hawamwachi muda mrefu bila kula, maana sukari inashuka haraka. Na ninasema wazi: Dortmund nimewaona akina mama wanaokesha peke yao na mashine tatu. Pasua wanapokezana watu wanne.

Mgongo wake umeanza kupinda. Hapohapo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia mwili tangu 1981. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii aulizie kiti kinachoshika kiuno na kifua mapema, asisubiri mgongo ugande.

Wenzangu mlio nje, michango ya sherehe tunaituma bila kuombwa mara mbili. Mimi nimeshanunua mashine ya kufyonza makohozi, ya betri. Natafuta mtu wa kuibeba, anayeshukia uwanja wa ndege wa KIA kabla ya Juni, maana baridi ya Juni na Julai ndiyo inayomkamata kifua.