Nani wa Kuthibitisha Kwamba Utafiti wa Historia Umefaa?

Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisimama bungeni akatangaza kwamba serikali yake itawalipa Wakenya 5,228 walioteswa enzi za vita vya Mau Mau. Fidia pamoja na gharama za kesi ilikuwa pauni milioni 19.9. Waliofikisha jambo hilo hapo ni wazee waliofungua kesi London mwaka 2009, mawakili wao, na wanahistoria watatu waliotoa maelezo ya kitaalamu: David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Kesi hiyo ndiyo iliyoilazimisha serikali kukiri, mwaka 2011, kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni yake ya zamani huko Hanslope Park, kituo cha serikali nchini Uingereza.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kila tunapozungumzia insia, yaani historia, falsafa, fasihi, lugha na taaluma nyingine za aina hiyo, hachelewi mtu kuuliza: zinamsaidia nani? Kwa hapa jibu lina majina na hesabu. Hata hivyo kisa hikihiki kinaonyesha ugumu wa kupima msaada wenyewe.

Uingereza imeamua kupima. Katika tathmini ya kitaifa ya utafiti wa vyuo vikuu, inayojulikana kama REF (Research Excellence Framework), athari za utafiti nje ya chuo zilibeba asilimia 20 ya alama mwaka 2014, na asilimia 25 mwaka 2021. Alama hizo huchangia kuamua chuo kitapata ruzuku kiasi gani. Kwa hiyo chuo huandaa taarifa, isiyozidi kurasa tano katika awamu ya 2021, kikieleza utafiti uliofanyika kwake, nini kilibadilika, kwa nani, na nani aliye nje ya chuo anaweza kuthibitisha. Vielelezo vya uthibitisho katika awamu hiyo havikupaswa kuzidi kumi.

Wanaouunga mkono utaratibu huu wana hoja, na mimi naikubali sehemu kubwa. Fedha ni za umma, na umma una haki ya kuuliza. Zaidi ya hapo, zamani mhadhiri aliyetumia miaka yake kufanya kazi na makumbusho, walimu au wakimbizi alionekana anapoteza muda ambao angeandikia makala. Leo kazi hiyo ina uzito. Chukua hifadhidata iliyozinduliwa na chuo cha University College London (UCL) mwaka 2013, inayoorodhesha waliolipwa fidia Uingereza ilipopiga marufuku utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833. Pauni milioni 20 zilikwenda kwa wamiliki. Waliotumikishwa hawakupata hata senti. Mtu yeyote anaweza kuandika jina la ukoo na kuona nani alilipwa, kiasi gani, na kwa watu wangapi aliodai ni mali yake. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kupimwa kwa makala pekee.

Tatizo langu liko kwenye ushahidi. Rudi kwenye kesi ya Mau Mau. Wanahistoria hawakuwafundisha wazee kwamba waliteswa. Wazee walikuwa na makovu. Serikali ilidai kwamba zaidi ya miaka 50 imepita na kesi haiwezi tena kusikilizwa kwa haki. Oktoba 2012 Jaji McCombe alikataa dai hilo, akiona kwamba nyaraka zilizopo ni nyingi za kutosha. Hapo ndipo utafiti ulipofanya kazi: uligeuza kumbukumbu ya watu kuwa jambo ambalo mahakama haiwezi kulipuuza. Sasa niambie, katika mabadiliko hayo, sehemu ya mwanahistoria ni ipi, ya wakili ni ipi, na ya mama aliyekubali kusimulia hadharani aliyofanyiwa kambini ni ipi? Taarifa ya kurasa tano lazima iwe na mhusika mkuu, na mhusika mkuu huyo ni chuo. Tena ni chuo cha Uingereza: Elkins, aliye Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, hayumo kabisa katika hesabu hiyo.

Kuna na suala la kalenda. Awamu ya 2014 ilihesabu athari zilizotokea hadi 31 Julai 2013, chini ya miezi miwili baada ya tangazo la Hague. Mnara wa kumbukumbu uliokuwa sehemu ya makubaliano hayo ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015, katika awamu nyingine. Tukio moja, vipande viwili.

Halafu kuna barua. Tarehe ya mwisho inapokaribia, chuo huanza kuwaomba washirika waandike kwamba utafiti uliwasaidia. Wizara ina karatasi yenye nembo na ofisa wa kutia saini. Kikundi cha wazee kijijini mara nyingi hakina hata katibu wa kulipwa. Nikiulizwa nani kati yao alinufaika zaidi, nitawataja wazee. Lakini barua rahisi kupatikana ni ya wizara. Hivyo mtafiti mwenye busara ya kuokoa idara yake atajifunza kuelekea kwenye nembo, na hilo linaniumiza kuliko kasoro nyingine yoyote.

Wapo wanaotaka kipengele hiki cha athari kifutwe kabisa. Sikubaliani nao, kwa sababu kikifutwa mhadhiri wa makumbusho atarudi kuonekana mzembe. Ila msaada uhamishwe kutoka mwisho wa safari kwenda mwanzo. Mshirika alipwe kwa muda wake tangu mradi unapoandikwa, awe na sauti katika kuamua kipi kihesabiwe kuwa mabadiliko, na kumbukumbu ziwekwe mwaka hadi mwaka badala ya kukimbiziwa katika miezi mitatu ya mwisho. Na majopo ya tathmini yapokee sauti iliyorekodiwa kwa lugha ya msemaji, pamoja na tafsiri yake, na kuipa uzito uleule wa barua ya waziri.