Siku Paris Ilipohamia Bahari ya Hindi

Mkuu wa idara alitaka ramani ya matawi yetu matatu kabla ya mkutano: Paris, New York na Tokyo. Mwenzetu aliyepewa kazi hiyo akaileta huku anapiga mluzi. Tukaitazama. Paris ilikuwa baharini, mashariki ya Mogadishu. New York ilikuwa juu ya barafu ya Antaktika. Tokyo haikuwepo kabisa.

"Setilaiti zinasumbua leo," akasema, bila hata kupepesa.

Nikafungua faili. Paris iko latitudo 48.86, longitudo 2.35. Yeye alitanguliza latitudo, lakini faili lilikuwa la GeoJSON, muundo wa kuhifadhi data za ramani, ambao hutaka longitudo ianze. Basi programu ikaipeleka Paris nyuzi 2.35 kaskazini ya Ikweta na nyuzi 48.86 mashariki ya Greenwich, kwa samaki. New York, 40.71 na -74.01, ikageuzwa hivyo hivyo na kutua nyuzi 74 kusini. Tokyo ndiyo iliyomuumbua: longitudo yake ni 139.69, na hakuna latitudo inayozidi 90, maana ukishafika ncha ya dunia huna pa kupandia tena. Programu ikaitupa kimyakimya. (Afadhali ingepiga kelele.)

"Lakini mstari wa latitudo umelala!" akabisha. "Uliolala si ndio unapima kwenda pembeni?"

Wengi hunaswa hapo. Mstari wa latitudo umelala kweli, mashariki hadi magharibi, ila kinachosomwa ni umbali wake kutoka Ikweta, kaskazini au kusini. Vidato vya ngazi navyo vimelala, na ndivyo unavyohesabu kujua umepanda kiasi gani. Mistari ya longitudo husimama kutoka ncha hadi ncha, na husema uko mashariki au magharibi ya Greenwich, mwisho 180 kila upande. Mpangilio hutatanisha kwa sababu grafu huandika x kabla ya y, na x ni longitudo, ilhali watu wakitaja mahali huanza na latitudo. Dawa yake ni kuweka kwanza nukta moja ya mji unaoujua, uone inatua wapi, ndipo uingize nyingine.

Akasahihisha. Paris ikarudi Ulaya, Tokyo ikafufuka. New York ikaibukia milimani Kyrgyzstan: alikuwa amefuta alama ya kutoa, akidhani ni kistari cha mapambo.

Mkuu akaikagua ramani, akauliza kama wafanyakazi wa tawi hilo wamepewa farasi.