Taa ya ufukweni itazame chini

Nyumba nyingi mpya zinazoinuka kando ya bahari, iwe Diani, Watamu au Kigamboni, zinakuja na zile taa bapa za LED za wati 50, nyeupe pe, zimefungwa juu ya ukuta na kuelekezwa majini. Inauma kuziona, kwa sababu mchanga unaomulikwa ndio ule ambao kasa walikuwa wakitagia kabla ukuta haujajengwa.

Mayai ya kasa hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi. Watoto hutoka usiku mchanga ukishapoa, na kinachowaongoza ni mwanga: huelekea kule ambako upeo unang'aa zaidi, wakavipa mgongo vivuli vya mivinje na vichaka. Kukiwa na giza la kawaida, kunakong'aa ni baharini. Ukiwasha taa ukutani, kunakong'aa ni kwako. Hutambaa kuelekea barazani mpaka kaa wawakamate au jua la asubuhi liwakaushe. Mama naye akikuta ufuo unameremeta huweza kurudi majini bila kutaga.

Jibu la wenye nyumba siku zote ni usalama. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba geti, ngazi na njia ya gari vinahitaji taa. Lakini taa inayopiga usoni haimsaidii mlinzi: mboni husinyaa, na kila kilicho nyuma ya mwali huwa giza tupu. Simama mbele ya taa yako, uikinge kwa kiganja. Ukiuona ua vizuri zaidi ukiwa umeikinga, taa hiyo inamsitiri mwizi.

Ubaya umeanzia kwenye pembe. Taa bapa ya kawaida hutawanya mwanga kwa nyuzi 120 hivi, yaani 60 kila upande wa katikati. Fundi akiiinua nyuzi 45 kutoka kutazama chini, ukingo wa juu wa mwanga unapita upeo kwa nyuzi 15 na kupotelea angani. Akiishia 30, ukingo bado unagusa upeo. Kioo kilale sambamba na ardhi.

Upande wa ufukweni hata hilo halitoshi. Balbu lazima ifichwe ndani ya kofia, na bomba la plastiki la inchi 4 linafaa kabisa. Kata sentimita 30, funga holda juu, weka balbu ya wati 5, na ncha yake ibaki sentimita 11 ndani ya mdomo wa bomba. Ikining'inizwa mita 3 kutoka chini, mwanga unatua kwenye duara la upana wa mita tatu hadi nne hivi, na aliye ufukweni haioni balbu. Paka rangi nyeusi isiyong'aa ndani na nje, maana bomba jeupe likiachwa hivyo litawaka lote. Usilizibe juu kabisa: joto likikosa pa kutokea, saketi ya balbu hufa mapema. Toboa matundu karibu na holda, upande unaotazama ukuta. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, la sivyo hewa ya chumvi itaziangusha.

Kisha rangi. Balbu iliyoandikwa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, na ikipanda samawati huzidi) imejaa samawati, na samawati yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hutawanywa na hewa karibu mara tatu kuliko rangi ya kaharabu, yaani njano iliyokolea kuelekea chungwa, ya nanomita 590. Ya 2700K ni afadhali, lakini haijatosha ufukweni: ndani yake mara nyingi mna chipu ya samawati iliyofunikwa unga wa njano, na sehemu ya samawati huvuja. Tafuta LED ya kaharabu yenyewe. Kuihakiki, itazame usiku ikijiakisi kwenye mgongo wa sidii: ukiona bluu pembeni ya njano na nyekundu, irudishe dukani. Kuipaka balbu nyeupe rangi nyekundu ni kazi bure, rangi hubanduka.

Sensa ya mwendo ifungwe mita 2 hadi 2.5 kutoka chini, isitazame makuti yanayopepea wala injini ya AC, vinginevyo itawaka usiku kucha. Taa za sola zenye paneli na balbu katika mwili mmoja zilazwe. Huku kwetu karibu na ikweta paneli inataka kulala, hivyo hakuna sababu ya kuiinua. Na umeme: wati 50 kwa saa 12 kila usiku ni yuniti 18 kwa mwezi, wati 5 ni yuniti 1.8.

Kaunti na halmashauri za pwani zidai mchoro wa taa za nje kabla ya kutoa kibali cha ujenzi. Ukaguzi wenyewe ni mwepesi. Mkaguzi aende usiku, achuchumae mchangani pale maji ya bamvua yanapoishia, na kila balbu anayoiona moja kwa moja kutoka hapo ifunikwe au ing'olewe kabla nyumba haijahamiwa.