Vitabu vya Urithi: Kutunza au Kuahirisha?

Shamba la marehemu hugombaniwa, lakini vitabu vyake kila mtu humsukumia mwenzake. Mwishowe humwangukia yule mtoto anayesemekana anapenda kusoma. Wenzake wanagawana nyumba na gari, yeye anakabidhiwa maboksi 14 na maneno mazuri. Miaka sita baadaye maboksi yale yale yako chini ya ngazi, yamefungwa kwa utepe ule ule, na kila anayepita na ndoo anayagonga kwa mguu.

Hapo hoja mbili hukabiliana. Moja inasema vitabu havitupwi. Nyingine inasema kitabu kisichosomwa ni karatasi tu inayokula nafasi. Nimewahi kuwa upande huu na upande ule, na kila mara nilikuwa na uhakika kamili.

Nguvu ya hoja ya kutunza ni kwamba kutoa hakurudishiki. Ukitunza kimakosa, hasara yako ni nafasi na vumbi. Ukitoa kimakosa, huna wa kumwendea. Watetezi wake hupenda kutaja Timbuktu, mji wa kale nchini Mali, na wana sababu. Kule familia zilirithishana hati za kale vizazi na vizazi ndani ya masanduku. Mwaka 2012, wapiganaji wenye silaha walipouteka mji, hati hizo zilisafirishwa kwa siri hadi Bamako, mji mkuu, mkutubi Abdel Kader Haidara akiwa miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo. Zina elimu ya nyota, sheria, tiba na biashara. Laiti mrithi mmoja mmoja angeamua kusafisha chumba, tungekuwa na nini leo?

Ila mfano huu una kasoro. Hati ya Timbuktu imeandikwa kwa mkono, na ikiungua huenda hakuna nyingine duniani. Vitabu vya chini ya ngazi vimepigwa chapa maelfu kwa maelfu. Ukiondoa chako hujayaua maandishi, umepunguza nakala moja.

Chukua ensaiklopedia, ile seti nzito yenye herufi za dhahabu mgongoni, ambayo kwa wazazi wengi ilikuwa alama kwamba nyumba hii ina watu waliosoma. Encyclopaedia Britannica ilianza kuchapwa mwaka 1768. Toleo lake la mwisho la karatasi, la mwaka 2010, lilikuwa na juzuu 32, na mwaka 2012 wenyewe wakatangaza kwamba basi, hawachapi tena. Mchapishaji ameiachia, mrithi anang'ang'ania nini? Usitarajie maktaba ikupokee kwa vigelegele pia. Kila kitabu kinachoingia lazima kikaguliwe, kiorodheshwe, kibandikwe namba na kitafutiwe rafu, na mkutubi huyo huyo ana vyake anavyoviondoa kwa sababu haviazimwi. Anayebwaga maboksi mlangoni pa maktaba usiku hajatoa sadaka. Amewatwisha wengine uamuzi uliomshinda.

Umri nao hudanganya. Hadi katikati ya karne ya 19, karatasi nyingi za vitabu huko Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Viwanda vilipohamia kwenye mbao, kemikali zilizotumika ziliacha asidi ndani ya karatasi, na asidi hiyo huila polepole. Ndiyo maana kitabu cha mwaka 1720 kinaweza kufunguka kwa ulaini, huku cha 1920 kikimeguka ukingoni kama jani kavu. Chini ya ngazi kuna mengine ya kuongezea: unyevu, ukungu, na wadudu wanaotoboa vijishimo vinavyopenya kurasa nyingi kwa mpigo.

Hapa ndipo hoja ya kutunza inapolegea machoni pangu. Kutunza ni rafu isiyoegemea ukuta wenye unyevu, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja, na mtu anayevifungua vitabu mara kwa mara kuona kama viko salama. Wengi wanaosema "tunavitunza" hawafanyi hata moja kati ya hayo. Wameuachia ukungu uamuzi, nao haubagui kizuri na kibaya.

Lakini wanaotaka kutoa nao wana kosa lao, nalo ni haraka.

Nilipokata utepe wa boksi la kwanza kati ya yale aliyoniachia baba, kitabu cha juu kilikuwa cha hesabu za biashara, cha mwanafunzi, kitu ambacho hakuna mtu angekipokea hata bure. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna jina la baba kwa wino wa bluu, limeandikwa mara tatu, kila mara kwa saini tofauti. Kijana alikuwa anajitafutia saini. Ile ya tatu ndiyo niliyoizoea kwenye ripoti zangu za shule. Ukurasa wa 88, pembeni ya jibu la swali mojawapo, ameandika kwa penseli neno moja: "Sikubali."

Kitabu hicho kina nakala nyingi duniani. Chenye saini tatu ni kimoja tu.

Kwa hiyo nimeacha kuuliza kama kitabu ni cha zamani, au kama kuna atakayekisoma. Nauliza kama nakala hii hasa ina mbadala. Kwa kipimo hicho maboksi 14 hupungua upesi, na vinavyobaki ni hivi: vyenye maandishi ya mkono, barua zilizosahaulika katikati ya kurasa, tarehe za kuzaliwa watoto. Tena kuna kundi ambalo watu hulipita bila kuliona, nalo ni vijitabu vyembamba: katiba ya chama cha ushirika, programu ya sherehe ya shule, taarifa ya mkutano wa mwaka. Vilichapwa vichache na havikusambaa. Maktaba inayokataa ensaiklopedia inaweza kuvitaka hivyo, kwa sababu haiwezi kuvipata kwingine. Ajabu ni kwamba ndivyo hutangulia kwenye taka, eti havina jalada gumu.

Suala la kuuza nalipitia haraka. Toleo la kwanza linalotafutwa na wakusanyaji lina bei yake, na wakati mwingine lile jalada la karatasi la nje lina thamani kuliko kitabu chenyewe, kwa hiyo usilitupe. Vingi vilivyobaki havitalipa hata gharama ya kuvisafirisha. Ukivipiga picha ili uviweke mtandaoni, kumbuka kwamba kurithi kitabu si kurithi hakimiliki. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unazilinda kazi za waandishi kwa angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na nchi nyingi zimefika 70. (Na kama una vitabu vya karne ya 19 vyenye jalada la kitambaa la kijani cha kung'aa, baadhi vilitiwa rangi yenye aseniki, ambayo ni sumu. Usilambe kidole kufunua kurasa.) Misahafu na Biblia siziweki kwenye mizani hii. Hizo zina taratibu za dini zake.

Kigumu kuliko karatasi ni ndugu. Katika kila familia yuko mmoja asiyetaka kitoke hata kimoja, na mara nyingi ndiye anayeishi mbali zaidi na maboksi. Ni rahisi kumcheka. Lakini kwake, maboksi yakiwepo chumba cha baba bado kipo, na uchungu wa namna hiyo hauna ratiba. Mwaka mmoja wa kusubiri naona ni haki yake. Baada ya hapo mtumie picha za migongo ya vitabu vyote, mpe tarehe, na anachokitaka aje akichukue kiwe kwake.

Wangu alichukua vitabu vitatu, nami nikabaki na boksi moja. Cha hesabu kiko rafuni, kimebanwa kati ya kamusi mbili. Lile swali la ukurasa wa 88 nimelifanya mara mbili kwa karatasi na kalamu, na mara zote jibu la kitabu limetoka sahihi.